Sindano ya pumu iliyonusurika kutupwa

Mwaka 2000 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa matokeo yaliyowavunja moyo madaktari wengi wa kifua. Sindano mpya, inayojulikana leo kwa jina la mepolizumabu, iliwapunguzia wagonjwa wa pumu chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, zilizoshukiwa kuvimbisha njia za hewa. Chembe zilipungua, lakini kifua kikabana vilevile. Mwaka 2007 jaribio kubwa zaidi nalo likaambulia patupu.

Eosinofili hazikuwa ngeni. Mjerumani Paul Ehrlich alizieleza tangu mwaka 1879, baada ya kuona zinavyonyonya rangi ya eosini na kuwa nyekundu chini ya hadubini. Dawa ya kuzidhibiti ilikuwapo pia: vidonge vya steroidi, vilivyotumika tangu miaka ya 1950. Viliokoa maisha ya wengi, ila aliyevimeza miaka nenda rudi alidhoofika mifupa, akavimba uso, na pengine akapata kisukari. Ndiyo maana sindano ile ilisubiriwa kwa hamu.

Tatizo ni kwamba majaribio yale yaliwachukua wagonjwa bila kuwachambua, ilhali pumu ina aina nyingi. Watafiti wa Hamilton, Kanada, na Leicester, Uingereza, wakaanza upya kwenye makohozi. Mgonjwa alivuta mvuke wa maji ya chumvi, akakohoa, na makohozi yake yakapimwa kwa hadubini. Waliochaguliwa ni wale wenye pumu sugu waliokutwa na eosinofili nyingi.

Majibu yao yalitoka pamoja mwaka 2009. Leicester, kati ya wagonjwa 61, waliochomwa dawa walizidiwa wastani wa mara 2 kila mmoja katika wiki 50. Waliochomwa sindano isiyo na dawa, mara 3.4. Hamilton walikuwa 20 tu, lakini waliopata dawa waliweza kupunguza vidonge vya steroidi kwa kiasi kikubwa. Novemba 2015 Marekani ikaiidhinisha.

Je, nguvu yake inadumu? Utafiti wa COLUMBA, uliotolewa mwaka 2019, uliwafuatilia wagonjwa 347 kwa wastani wa miaka mitatu na nusu. Idadi ya kuzidiwa ilipungua kwa asilimia 61 ikilinganishwa na kipindi walipokuwa hawaitumii. Lakini wagonjwa wa Leicester waliposimamishiwa sindano, eosinofili zilirudi na pumu ikawarudia ndani ya miezi michache. Mwaka 2022 jaribio la COMET likathibitisha jambo hilo hata kwa watu waliokwisha kuitumia miaka mitatu au zaidi: walioachishwa walizidiwa mara nyingi kuliko walioendelea.

Kwa hiyo sindano hii hutuliza pumu kwa miaka, wala haiiponyi. Tena humfaa mwenye aina yake tu. Wagonjwa walio wengi hawaihitaji. Wanachohitaji ni dawa ya kuvuta yenye steroidi, itumiwe kama daktari alivyoelekeza, hata siku ambazo kifua ni chepesi. Nawe unayepewa vidonge vya steroidi mara kwa mara, mwombe daktari akuangalie unavyovuta dawa yako, kisha muulize kuhusu kipimo cha eosinofili. Ni kipimo cha damu cha kawaida, na ndicho kinachoonyesha njia.