Ngozi Hulishwa Pia Kutoka Jikoni

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Ngozi nyororo nayo imeundwa, ndugu msikilizaji, wala haikuundwa kwa kopo la dukani peke yake.

Hadi miaka ya 1920, wataalamu wengi wa lishe waliyaona mafuta ya chakula kama kuni jikoni: kazi yake ni kutia mwili nguvu, na wanga ungeweza kushika nafasi yake. Mwaka 1929, George Burr na mkewe Mildred, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitangaza habari tofauti. Waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta. Baada ya miezi kadhaa ngozi za panya hao zikafanya magamba, mikia ikavimba, na wengine wakafa. Waliopewa mafuta kidogo tu walipona. Mwaka uliofuata dawa yenyewe ilijulikana: asidi ya linoleiki, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea.

Wengi walitia shaka. Mwenzao, William Redman Brown, akajitolea kula chakula cha namna hiyo kwa miezi sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 1938: ngozi yake haikudhurika!

Je, akina Burr walikosea? Hasha. Mtu mzima ana akiba mwilini. Ya mtoto mchanga ni ndogo. Mwaka 1963, Arild Hansen na wenzake wa Texas walieleza hali ya watoto wachanga waliolishwa maziwa ya aina mbalimbali. Waliokosa asidi hiyo walikauka ngozi na kuchunika; walipopewa, walipata nafuu. Elimu hiyo, basi, ililipiwa na watoto.

Asidi hiyo husaidia kujenga mafuta yanayokaa kati ya chembe za ngozi ya juu, kama udongo kati ya matofali. Yakipungua, maji ya mwili huvuja. Mafuta ya mgando yatokanayo na petroli huzuia maji yasitoke, lakini asidi hiyo hayana.

Si kila ngozi kavu ina njaa ya mafuta. Hata hivyo, mzazi anayempaka mwanawe hadi akang'aa, kisha akampa uji mtupu asubuhi na jioni, amepiga chokaa nyumba isiyo na udongo ukutani. Karanga, ufuta na alizeti tunalima wenyewe. Tusiviuze vyote tukasahau sufuria ya mtoto.