Newsfield: magazeti ya kompyuta za nyumbani na mashindano ya wasomaji wake

Newsfield ilikuwa shirika la kuchapisha magazeti katika Ludlow, mji mdogo wa Uingereza. Ilianzishwa mwaka wa 1983 na Roger Kean pamoja na ndugu wawili, Oliver Frey na Franco Frey. Mwanzoni walikuwa wakiuza michezo ya kompyuta kwa njia ya posta, na katalogi yao ya bidhaa ndiyo iliyozaa gazeti.

Tukumbuke hali ya wakati ule. Kompyuta ya ZX Spectrum ilitoka mwaka wa 1982. Iliunganishwa na televisheni ya nyumbani, na michezo yake iliingizwa kutoka kaseti, kama zile za muziki. Kaseti mpya zilitoka kila juma, na kijana aliyeweka akiba yake ndogo alitaka kujua ipi inafaa kununuliwa.

Gazeti la Crash, lililoanza Februari 1984, lilijibu haja hiyo. Oliver Frey ndiye aliyechora majalada yake. Mwaka wa 1985 likafuata Zzap!64, kwa wenye kompyuta ya Commodore 64.

Hapa palikuwa na hatari. Gazeti liliishi kwa matangazo ya makampuni yaleyale ambayo lilipaswa kuhukumu kazi zao. Crash ilitafuta dawa kwa njia mbili. Kwanza, mchezo mmoja ulitolewa maoni na watu watatu, na mara nyingi hao walikuwa wanafunzi wa shule ya pale Ludlow. Kila mmoja alisema lake, hata kama hawakupatana. Pili, alama zilitolewa kwa asilimia, kipengele kwa kipengele, ili msomaji aone zilikotoka.

Mashindano yalikuwa mlango mwingine wa msomaji. Gazeti liliuliza swali, au liliweka picha mbili na kuomba tofauti zake, au liliomba mchoro. Msomaji aliandika jibu, akaongeza jina na anwani, akatuma kwa posta kabla ya tarehe ya mwisho. Zawadi zilikuwa kaseti, fulana, na pengine kitu kikubwa zaidi. Mara nyingi zilitolewa na kampuni ya michezo, nayo ikapata jina lake kutajwa mbele ya wasomaji wengi. Basi zawadi ilikuwa pia tangazo, na msomaji mwenye busara alijua hivyo.

Lakini kulikuwa na kura isiyonunuliwa kwa urahisi. Wasomaji walipiga kura kupanga orodha ya michezo waliyoipenda, na kila mwaka walichagua michezo bora. Mtoto wa kijijini alikuwa na kura sawa na ya mtu wa London.

Newsfield ilijaribu kupanuka. Mwaka wa 1987 ilitoa LM, gazeti la maisha ya vijana, likafa baada ya matoleo machache. Mwaka wa 1991 shirika lenyewe likafilisika. Crash ilichukuliwa na wachapishaji wengine, ikaendelea hadi 1992.

Tunaona kwamba vijana wale walipewa zaidi ya zawadi: waliaminiwa kuhukumu, na maneno yao yakachapwa. Gazeti lolote, dogo au kubwa, linaweza kujiuliza kama wasomaji wake wanapewa nafasi hiyo.