Mzinga Uliopotea (Sehemu ya Pili)

ILIPOISHIA: Afrika ya Kaskazini, 1943. Mzinga wa inchi 7.2 wa jeshi la Uingereza umefyatuliwa, ukarudi nyuma kwa kishindo na kuporomoka kutoka ukingo wa mlima. Huko chini, ndani ya lori dogo la mawasiliano, askari mmoja wa Wales amejikunyata gizani akisubiri kufa. Mara turubai likafunuliwa, kichwa cha mtu kikachungulia ndani...

SASA ENDELEA

Kichwa kile hakikuuliza kama kuna aliyeumia. Kiliuliza kama kuna mtu humo ndani aliyeona mzinga.

Harry Secombe, kijana wa Swansea mwenye sauti ya kuimbia kanisani, alimtazama yule mgeni kisha naye akamuuliza: una rangi gani?

Kisa hiki wawili hao walikisimulia mpaka uzeeni, na sidhani kuna mwaka walikipunguzia chumvi. Mwenye kichwa alikuwa Spike Milligan, aliyezaliwa Ahmednagar, India, mwaka 1918, baba yake akiwa askari wa Mwingereza huko. Ungemuuliza kazi yake siku ile, asingekwambia mchekeshaji. Angekwambia mpiga tarumbeta. Tangu kikosi chake kilipokuwa Bexhill, pwani ya kusini ya Uingereza, mwaka 1940, yeye na wenzake watatu walikuwa na bendi yao ya jazz iliyochezesha dansi za wanajeshi. Mzinga alipewa na serikali. Tarumbeta alikuja nayo mwenyewe.

Wakaachana pale mlimani, kila mmoja na kikosi chake. Milligan akavushwa bahari kwenda Italia. Januari 1944, akiwa anapanda kilima, kombora likaangukia karibu naye.

Mguu ulijeruhiwa, lakini mguu ulipona. Kichwa ndicho hakikupona. Aliporudishwa kwenye mizinga, kila ilipolia alitetemeka, akagugumiza, akalia machozi. Mkubwa wake hakuona ugonjwa hapo, aliona woga. Akamvua cheo.

Mtu aliyevuliwa cheo, asiyeweza kusikia mlio wa bunduki wala kutamka sentensi mpaka mwisho, jeshi lingemfanya nini?

* * *

Lilimpa gitaa. Katika vikosi vya burudani kule Italia, Milligan alikutana na Bill Hall, mpiga fidla, na Johnny Mulgrew, mpiga besi. Wakaunda kundi la watu watatu. Walipanda jukwaani wamevaa matambara kama waliookotwa jalalani, wakipiga jazz safi kabisa. Watu walianza kucheka nguo, kisha wakanyamaza kusikiliza vidole, kisha wakacheka tena. Hapo ndipo ninapoona mambo yalipoanzia. Milligan alijifunza kuchekesha akiwa na ala mkononi, akihesabu mapigo. Na aliposhika ala, kigugumizi hakikuwa na pa kuingilia.

Mwaka 1946 akarudi London, hana kitu mfukoni. Secombe alikuwa ametangulia. Alipata kazi kwenye ukumbi wa Windmill, karibu na Piccadilly, mahali ambapo wasichana walisimama uchi bila kutikisika, kwa kuwa aliyetikisika alivunja sheria. Katikati ya picha hizo hai alipandishwa mchekeshaji kujaza nafasi. Secombe alijaza nafasi yake kwa kunyoa ndevu mbele ya watu, akiigiza namna mbalimbali za kunyoa, kisha akiimba. Wateja waliolipa kuona wasichana waliendelea kusoma magazeti yao. Hakuna shule ngumu kuliko hiyo.

Huko Windmill alipita pia kijana mwingine, Peter Sellers. Huyu kazi yake ilikuwa dramu. Wakati wa vita alizipiga katika vikundi vya burudani vya jeshi la anga, akafika India na Burma, Burma ile ile walikopigana vijana wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Vita vilipokwisha bendi zikapungua, na mpiga dramu asiye na bendi ni mzigo kwa mama yake. Lakini sikio lililozoea kushika mapigo lilikuwa limeshika kitu kingine: sauti za watu.

Siku moja mwaka 1948 simu ililia kwenye ofisi ya mtayarishaji wa BBC, Roy Speer. Aliyepiga alikuwa Kenneth Horne, nyota wa redio wakati huo, akiwa na mwenzake Richard Murdoch. Wote wawili wakamsifia kijana fulani hodari, Peter Sellers, kwamba asikose kumjaribu. Speer akafurahi, akawashukuru mabwana wakubwa.

Mara sauti ikabadilika. Bwana, mimi ndiye Sellers.

* * *

Speer alimtukana kidogo, kisha akampa kazi. Miaka mitatu baadaye, tarehe 28 Mei 1951, BBC ilirusha kipindi cha kwanza cha Milligan, Secombe, Sellers na mchekeshaji mwenzao Michael Bentine. Walikuwa wamekipika muda mrefu katika baa ya Jimmy Grafton, maeneo ya Victoria. Wakubwa wa redio waliogopa jina walilolitaka vijana, wakakiita *Crazy People*. Mwaka uliofuata vijana wakashinda, kikawa *The Goon Show*.

Kilikuwa kipindi cha nusu saa, lakini si nusu saa ya maneno. Mchezo ulikatwa mara mbili ili muziki upigwe, na hao waliopiga si watu wa kuwapita haraka.

Wa kwanza ni Max Geldray, mpiga harmonika wa Amsterdam, Myahudi. Kabla ya vita alipiga jazz Paris. Wanazi walipoingia alikimbilia Uingereza, akajiunga na kikosi cha Waholanzi, akapigana Normandy. Aliporudi kwao baada ya vita akakuta wazazi wake wameuawa. Mtu huyo ndiye aliyesimama mbele ya maikrofoni kila wiki akapuliza nyimbo za furaha, huku wenzake wakimtania pua yake.

Wa pili ni Ray Ellington, mzaliwa wa London, baba Mmarekani mweusi, mama Myahudi wa Kirusi. Mpiga dramu na mwimbaji, na kundi lake la watu wanne lilikuwa miongoni mwa makundi yaliyopiga kwa moto kweli Uingereza nzima. Milligan alimwandikia pia nafasi za kuigiza, nyingi zikiwa za machifu wa Kiafrika wenye majina ya kejeli. Nilizisikiliza. Sauti ya Ellington ni tamu, mizaha ile ni michungu, na asijaribu mtu kunishawishi kwamba ni enzi tu.

Ala zilipoanza kulia, waigizaji walichepuka nyuma ya jukwaa. BBC ilikataza pombe kazini. Chupa za maziwa hazikukatazwa, nao maziwa yao waliyachanganya na brandi. Geldray akipuliza huku, kule chupa inazunguka. Wakirudi kwenye maikrofoni macho yanang'aa.

Milligan, ambaye ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya michezo hiyo, aliandika kama mtu anayepanga muziki. Mlango ukibamizwa, alitaka ubamizwe kwenye pigo lake, si kabla wala baada. Akitaka mlipuko, mafundi wampe mlipuko mrefu hivi, kisha kimya kirefu hivi, kisha sauti nyembamba ya Sellers. Husimuliwa kwamba safari moja alitaka mlio wa soksi iliyojaa kastadi. Akina mama wa kantini wakampikia kastadi kwa upendo, wakidhani kijana ana njaa. Akavua soksi zake mbele yao, akazijaza, akaenda kuzibamiza studio.

Watu walicheka. Ila sikiliza tena ile milipuko, msomaji, ukijua yaliyompata Italia. Mtu aliyelia mizinga ilipofyatuliwa sasa alikaa peke yake na taipu, wiki baada ya wiki, akiiagiza mizinga hiyo hiyo ilie.

Mwaka 1952 ukamwelemea. Bentine aliondoka. Mtoto wa kwanza wa Milligan akazaliwa. Novemba msimu wa tatu ukaanza, na kila wiki BBC ilidai mchezo mpya. Usingizi ukamkimbia. Kelele ndogo ya nyumbani ilimpasua kichwa. Katika kutapatapa kwake akashika wazo moja, halikumwachia: ili apate amani, lazima amuue Peter Sellers.

Si mzaha wa redioni. Alichukua kisu cha kumenyea viazi, akatoka, akaelekea nyumbani kwa rafiki yake. Mbele yake kulikuwa na mlango wa kioo. Hakupunguza mwendo.

Je, Sellers atasalimika? Na Jumapili, bendi ikiwa imekaa tayari na hadhira imejaa, nani atasimama kwenye maikrofoni ya Milligan? Usikose sehemu ya tatu Jumamosi ijayo.