Muthiga: Gome, Jina na Kumbukumbu

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Nairobi kwenda magharibi, akiisha kupita Westlands, Kangemi, Uthiru na Kinoo, hufika kituo kiitwacho Muthiga. Abiria wengi hulitaja jina hilo ili washuke tu. Ni wachache wakumbukao kwamba ni jina la mti. Muthiga wa Wakikuyu ndio osokonoi wa Wamaasai, na ndio Warburgia ugandensis wa wataalamu wa mimea. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya mti huu imehifadhiwa katika majina yake, na kwamba kumbukumbu hiyo sasa imo hatarini.

Sifa ya muthiga ni gome lake, ambalo huwasha ulimi kama pilipili. Tangu zamani wenyeji wamelitafuna kwa maumivu ya jino, na kulichemsha wakalinywa kwa kikohozi, homa na maumivu ya tumbo. Wamaasai nao wana desturi ya kutia magome na mizizi katika supu ya nyama, hasa gome la olkiloriti, ambao ni aina ya mgunga. Maarifa hayo yalipokezanwa kwa mdomo vizazi hata vizazi. Mwaka 1976 John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha kitabu chake juu ya mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, na mwaka 1989 Francis Gachathi akatoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kikikuyu. Kazi hizo mbili ni hazina kwa mwanabotania na kwa mwanaisimu pia.

Sasa tuyatazame majina yenyewe. Mwaka 1895 Mjerumani Adolf Engler aliita jenasi ya mti huu Warburgia, kwa heshima ya mwenzake Otto Warburg. Hivyo mti uliokwisha kuwa na majina mengi ukapewa la mtu wa mbali. Lakini jina la wenyeji halikufa. Katika miaka ya 1970 Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walichunguza mti huu kwa ushirikiano na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 chini ya Thomas Odhiambo. Walipata ndani yake kemikali zinazowafanya viwavijeshi wakatae kula. Moja waliiita warburganal. Nyingine, iliyotangazwa mwaka 1977, waliiita muzigadial.

Mwandishi alikutana na neno hili la pili katika maktaba ya ng'ambo alipokuwa masomoni, akashtuka kama mtu aliyeitwa kwa lugha ya kwao. Sauti inayoandikwa th katika Kikikuyu ni kama dh ya Kiswahili, na wengi wasioizoea huitamka z. Yaelekea ndivyo muthiga alivyogeuka muziga, akaingia katika vitabu vya kemia. Jina lilipokelewa, wazee waliolitoa hawakutajwa.

Leo magome huuzwa jijini kwa sifa mpya: kwamba chai yake ina antioksidanti, yaani kemikali zizuiazo madhara ya oksijeni katika chembe za mwili. Ni kweli kwamba magome mengi yana tanini na fenoli zenye tabia hiyo katika maabara. Katika miaka ya 1990 Timothy Johns na wenzake walichunguza kwa makini mimea ambayo Wamaasai na Wabatemi hutia katika supu na maziwa. Hata hivyo, litendekalo katika chupa ya maabara si lazima litendeke mwilini, na wazee hawakunywa gome la muthiga kila asubuhi kama majani ya chai. Walilinywa kwa sababu, kwa kipimo, na kwa muda.

Hapo ndipo penye hatari. Gome likibanduliwa kuuzunguka mti mzima, njia ya chakula kushuka mizizini hukatika, na mti hufa. Muiri, yaani Prunus africana, uliandamwa hivyo kwa ajili ya dawa za Ulaya, hata mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti ya mkataba wa CITES. Njia ya kuuokoa muthiga ipo. Mwaka 2001 wataalamu wa Afrika Kusini walieleza kwamba majani ya ndugu yake, Warburgia salutaris, yanaweza kushika nafasi ya gome. Na jani huchipuka tena.

Hatuna budi, basi, tunapokusanya majina ya mimea, tuandike pamoja nayo kipimo, msimu na namna ya kuchuma. Tusipofanya hivyo, muthiga atabaki katika kemia, na katika kituo cha matatu ambapo hakuna atakayejua kwa nini kinaitwa hivyo.