Viraka Si Aibu: Historia Fupi ya Mfarishi wa Mkono



Nina duka la ushonaji hapa Ujiji. Kila jioni tukifagia chini ya vyerehani tunapata mfuko mzima wa vipande vya vitenge, vingi vyake vimevuka ziwa kutoka Kongo. Wateja wakiniona navikusanya huuliza vya kazi gani. Nikiwajibu kuwa ni vya mfarishi wa bibi harusi, wengine hucheka. "Viraka kwenye kitanda cha harusi?"

Swali hilo nimelichukulia kwa uzito, kwa sababu ukifuata historia ya nguo zetu utakuta kwamba nguo tunayoipenda kuliko zote ilianzia kwenye vipande, sindano na mikono ya wanawake.

Kwa asiyeujua, mfarishi ni tandiko la tabaka mbili au tatu za kitambaa zilizoshonwa pamoja kwa mistari ya bandi, upande mmoja hadi wa pili. Unatandika juu ya godoro au unajifunika.

Nguo ilipokuwa fedha

Karne ya 19 Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Wazungu Burton na Speke walifika hapa Februari 1858. Mwaka 1871 Stanley akamkuta Livingstone hapa hapa, na wageni mpaka leo wanakuja kuona mahali hapo.

Watoto wetu wanafundishwa majina hayo shuleni, lakini ni wachache wanaoambiwa wapagazi walibeba nini vichwani. Sehemu kubwa ya mizigo ilikuwa nguo. Kulikuwa na merikani, kitambaa kizito kisichopaushwa kilichofumwa viwandani Massachusetts, Marekani, ndiyo maana kikaitwa hivyo. Kulikuwa na kaniki, iliyotiwa rangi ya nili. Pamoja na shanga, nguo ndizo zilizokuwa fedha. Chakula, ruhusa ya kupita na ujira wa mpagazi vililipwa kwa nguo.

Shuka moja ilikuwa mikono minne, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Shuka mbili zilifanya doti moja, mikono minane. Dada yangu, ukiingia dukani leo ukasema "nipe doti ya kanga", unatamka kipimo cha misafara ile.

Na kwa nguo hizo hizo walinunuliwa binadamu. Pembe za ndovu na watumwa walivushwa ziwa kutoka Manyema, wakapita Ujiji wakielekea pwani. Familia nyingi za mji huu zina asili ya huko Manyema, kwa hiyo habari hii ni ya nyumbani kwetu. Mwanamke mtumwa alivaa merikani au kaniki, kipande kimoja cha kujifunga, basi. Mtu akimtazama tu alijua ni nani na anamilikiwa.

Leso sita, nguo moja

Sasa twende Unguja na Mombasa, nusu ya pili ya karne hiyo hiyo. Madukani kulikuwa na leso za rangi, vitambaa vya mraba ambavyo jina lake tumelirithi kwa Wareno. Zilikuja zikiwa zimeungana katika jora, muuzaji akikata moja moja.

Wanawake wakaona njia nyingine. Walinunua leso sita, wakazikata mapande mawili ya leso tatu tatu, kisha wakayaunga kwa urefu kwa sindano. Ikatoka nguo moja pana ya kujifunga. Wengine walichanganya leso za aina mbalimbali ili wapate mpango wao wenyewe, usiofanana na wa jirani.

Wafanyabiashara walipoona soko liko wapi, wakaagiza nguo kama hiyo ikiwa imechapwa nzima. Ndiyo kanga. Maneno ya Kiswahili yalikuja baadaye, na duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887, linatajwa sana katika habari hiyo. Lakini kabla ya kiwanda na kabla ya maneno, kulikuwa na mwanamke aliyeunga vipande.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria visiwani mwaka 1897. Huku bara, Tanganyika, ilikuwa mwaka 1922. Wanawake waliopata uhuru Unguja waliacha kaniki na merikani wakavaa kanga, na kadiri miaka ilivyokwenda wakavaa na buibui. Walitaka waonekane waungwana, na nguo ikawasemea.

Waliovushwa bahari

Wapo pia Waafrika waliopelekwa India kwa karne nyingi. Katika jimbo la Karnataka wanaitwa Siddi. Wazee wao walitoka Ethiopia na pwani ya Afrika Mashariki hadi Msumbiji, wengi wakipitia Goa iliyotawaliwa na Wareno. Wengine walitoroka wakaweka makao misituni. Leo wako Siddi Waislamu, Wakristo na Wahindu.

Wanawake wa Siddi wanashona mfarishi uitwao kawandi. Chini wanaweka sari kuukuu, juu wanapanga vipande vya nguo zilizochakaa, na kazi yote ni ya mkono. Wanaanzia pembeni, wanazunguka ukingo wote, kisha wanaingia ndani mzunguko kwa mzunguko mpaka katikati. Kila pembe inapata vipande vilivyokunjwa kama ua, na kwao mfarishi usio na maua hayo uko uchi. Kazi hizo za nguo kuukuu zimewahi kutundikwa kwenye maonyesho huko Marekani.

Ukitaka kuanza

Njia ya kawandi inamfaa sana anayeanza, maana haihitaji cherehani wala vipimo vya kutisha.

Anza na mfarishi wa mtoto, mita moja kwa mita moja. Chukua shuka kuukuu ya pamba iwe tabaka la chini. Fua vipande vyote kwanza, hasa vitenge vipya, ili rangi ya ziada itoke. Panga pamba na pamba. Kitambaa kinachoteleza kitakusumbua.

Weka kipande cha kwanza kwenye pembe, kunja kingo zake ndani kiasi cha sentimita moja, na upige bandi ndogondogo zinazopita tabaka zote. Kipande kinachofuata kilalie kidogo juu ya cha kwanza. Mistari ya bandi iachane kwa upana wa kidole. Vaa subana kidoleni, vinginevyo sindano itakutoboa. Usivute uzi kwa nguvu, kitambaa kitajikunja.

Shona nusu saa baada ya Isha, kila siku. Usihesabu siku.

Kwa bibi harusi

Nasema haya kwa sababu naona akina mama wanaingia madeni ya vikoba ili binti aende na seti za mashuka na duveti kutoka Dubai. Harusi inapita, deni linabaki. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Sikatazi mtu kununua. Ila kipande cha dera la mama, kanga ya bibi aliyefariki na sare ya arusi ya dada, vikiungwa pamoja na watu wanaokupenda, huwezi kuvipata dukani kwa bei yoyote. Na kama viraka vingekuwa aibu, Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, asingeshona nguo yake kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyosimulia Mama yetu Aisha, Allah amridhie.

Kwa hiyo akikucheka mtu, muonyeshe kanga aliyojifunga, umsimulie habari ya zile leso sita.

Allah azibariki nyumba zenu na mikono yenu. Amin.