Adoula, Cyrille

Cyrille Adoula (Léopoldville, 13 Septemba 1921 – Lausanne, Uswisi, 24 Mei 1978) alikuwa mtumishi wa benki, kiongozi wa wafanyakazi, waziri mkuu wa Kongo (1961–1964), kisha balozi.

Benki na chama

Mwaka 1952 Benki Kuu ya Kongo ya Wabelgiji ilimpa cheo ambacho hakuna Mwafrika aliyekuwa amewahi kukishika humo. Aliiacha benki akaingia katika vyama vya wafanyakazi. Oktoba 1958 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha siasa cha Mouvement National Congolais (MNC) pamoja na Patrice Lumumba na Joseph Ileo. Julai 1959 chama kiligawanyika, na Adoula akamwacha Lumumba.

Mgawanyiko huo ulimfungia Adoula milango Stanleyville, Kisangani ya leo. Huko Lumumba alikuwa amewahi kuwa karani wa posta, na mitaa ya Waafrika, Mangobo ikiwemo, ilikuwa ngome yake. Kongamano la mrengo wake, MNC-Lumumba, la Oktoba 1959 liliishia kwenye ghasia na risasi, na Lumumba akatiwa ndani.

Uwaziri mkuu

Lumumba, waziri mkuu wa kwanza baada ya uhuru, alipokwisha kuuawa, nchi ilikuwa na serikali mbili zilizodai uhalali: ya Léopoldville, na ya Antoine Gizenga, mfuasi wa Lumumba, huko Stanleyville. Julai 1961 wabunge walikusanywa Chuo Kikuu cha Lovanium, wakazungushiwa uzio wa umeme na askari wa Umoja wa Mataifa, bila silaha wala mawasiliano na nje. Aliyekubalika na pande zote alikuwa Adoula, mtu mpole asiye na jeshi wala kabila kubwa nyuma yake. Aliidhinishwa 2 Agosti, Gizenga akawa naibu wake.

Maridhiano hayo mazuri hayakudumu. Gizenga alirudi Stanleyville, akaondolewa madarakani Januari 1962 na kufungwa kisiwa cha Bulabemba, mlangoni mwa mto Kongo. Kwa wafuasi wa Lumumba, hilo lilikuwa pigo chungu. Washington ilimuunga mkono Adoula kwa dhati, na Februari 1962 alipokelewa na Rais Kennedy. Januari 1963 utengano wa jimbo la Katanga ulikwisha kwa nguvu za Umoja wa Mataifa. Septemba mwaka huohuo bunge lilifungwa, na wapinzani wakakimbilia Brazzaville.

Alijiuzulu 30 Juni 1964, siku askari wa mwisho wa Umoja wa Mataifa walipoondoka. Mwanzoni mwa Agosti waasi wa Simba waliingia Stanleyville.

Ubalozi

Chini ya Rais Mobutu alikuwa balozi Ubelgiji na Marekani, kisha waziri wa mambo ya nje, 1969–1970.