Murumbi, Makamu wa Rais Aliyeikusanya Afrika

Abiria wa Ngoliba wanaokwenda Nairobi hubadilisha gari Thika, na wakishafika mjini wengi hukutana na wenzao nje ya Archives, yaani Kumbukumbu za Taifa, kati ya Moi Avenue na Tom Mboya. Umati husimama pale kutwa. Ningewasihi waingie ndani. Katika ghorofa ya chini ya jengo hilo, ambalo zamani lilikuwa benki, kuna vinyago, silaha, vitambaa, mapambo ya shanga na stempu za posta kutoka kila upande wa bara. Hazina hiyo ilikusanywa na Joseph Murumbi.

Alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba Mgoa mfanyabiashara, mama Mmaasai, akasomeshwa India. Viongozi wa chama cha Kenya African Union (KAU) walipotiwa mbaroni, alihamia London, akafanya kazi katika ubalozi wa Moroko na kununua vitabu vya kale kuhusu Afrika. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha Mei 1966 Makamu wa Rais. Rafiki yake, mwanasiasa Pio Gama Pinto, alikuwa ameuawa kwa risasi mwaka uliotangulia. Kabla 1966 haijaisha, Murumbi akajiuzulu.

Moyo wake wote akautia kwenye sanaa. Mwaka 1972, yeye, mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage jijini Nairobi. Hapo kazi za wachoraji na wachongaji Waafrika ziliuzwa kwa heshima zinayostahili, na mavazi na mapambo ya Kiafrika yakatoka hapo hadi majukwaa ya Ulaya. Kwangu mimi, hilo lilikuwa tendo kubwa kuliko vyeo vyake vyote.

Wanunuzi wa ng'ambo waliutaka mkusanyo wake. Akawakatalia, akauachia serikali ya Kenya miaka ya sabini, yakiwemo maelfu ya vitabu vilivyochapishwa kabla ya 1900. Nyumba yake ya Muthaiga nayo aliiuzia serikali, kwa matumaini kwamba ingekuwa taasisi ya taaluma za Kiafrika. Ilibomolewa, na miti aliyoipenda ikakatwa, yeye mwenyewe akiwa hai. Alifariki mwaka 1990, akazikwa karibu na Pinto, City Park.

Nyumba ya Donovan, inayotazama Mbuga ya Nairobi, ilinusurika kubomolewa kupisha reli mpya: mwaka 2016 serikali iliitangaza kuwa turathi ya taifa. Ile ya Muthaiga haikupata mtetezi.